Kupima Mawimbi ya Malindi kwa Kamba, Bildi na Simu

Mtoto wa Malindi anaweza kumaliza sekondari akiwa amekariri kwamba kasi ya wimbi ni marudio mara urefu wake, na asiwe amewahi kuhesabu wimbi hata moja, ilhali bahari iko mwisho wa barabara. Mwongozo huu ni wa kutibu hilo. Ukiufuata utapata kwa mkono wako vipimo vyote vikuu vya wimbi: muda wake, marudio, urefu, kasi, kimo na nishati. Hakuna chombo cha maabara kinachohitajika. Kuna kugawanya na kuzidisha, na kipeuo cha pili hapa na pale, ambacho simu yako inakijua.

Tayarisha kamba ya nailoni ya mita 10, kitambaa chekundu, boksi la plastiki la mstatili lenye urefu wa sentimita 60 hivi, futi kamba ya fundi, simu yenye kipima muda, daftari, penseli, na bildi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia kina cha maji. Kama hujui pa kupata bildi, funga jiwe au kipande cha chuma kwenye uzi wa kuvulia na upige fundo kila baada ya sentimita 20. Hiyo ndiyo bildi. Tafuta na mwenzako mmoja. Kazi ya baharini haifanywi na mtu peke yake.

Hatua ya 1: Kamba, uani

Usianze na bahari. Bahari ina mawimbi mengi kwa pamoja, na macho ambayo hayajazoea yatachanganyikiwa.

Pima mita 6 za kamba, funga ncha moja kwenye mnazi kwa kimo cha kiuno, na ufunge kitambaa katikati. Shika ncha ya pili, ivute kiasi kamba isiguse chini, kisha tikisa mkono mara moja tu, juu na chini, haraka. Nundu itakimbia mpaka mnazini. Tazama kitambaa: kimepanda, kimeshuka, kimebaki pale pale. Kilichokwenda mnazini ni nishati ya mkono wako. Kamba yenyewe haikwenda popote.

Subiri, nundu hiyo inarudi. Na ikirudi imepinduka: ilikwenda ikiwa juu, inarejea ikiwa chini, kwa sababu fundo la mnazini limekataa kusogea na limeivuta kamba upande wa pili. Ukitaka irudi ilivyokwenda, funga ncha kwenye pete inayoteleza juu na chini kwenye fimbo iliyosimama wima.

Sasa jaribu mambo mawili ambayo wanafunzi wengi hukosea kwenye mtihani. Tikisa kwa nguvu zaidi bila kukaza kamba: nundu inakuwa kubwa, lakini inafika kwa muda ule ule. Kisha kaza kamba na utikise kidogo tu: nundu ndogo, mwendo mkali. Kasi ya wimbi la namna hii haiamuliwi na aliyelianzisha bali na kile linachopita ndani yake, hapa ikiwa ni mkazo na uzito wa kamba. Shika hili vizuri, kwa kuwa tutalihitaji ufukweni.

Maliza kwa kutikisa mfululizo. Tafuta mwendo wa mkono utakaoifanya kamba igawanyike matumbo mawili yanayopanda na kushuka kwa zamu, na katikati, penye kitambaa, pametulia kabisa. Matumbo mawili ni wimbi moja zima, kwa hiyo urefu wa wimbi hapo ni mita 6. Mwenzako ahesabu mitikisiko yako kwa sekunde 10. Tuseme amepata 20: marudio ni 2 kwa sekunde, yaani Hertz 2, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Kasi ni 2 mara 6, mita 12 kwa sekunde. Ongeza mwendo wa mkono upate matumbo matatu. Urefu wa wimbi sasa ni mita 4, na mkazo ukiwa ni ule ule, mwenzako atahesabu mitikisiko 30 hivi kwa sekunde 10. Marudio 3 mara urefu 4 ni 12 tena. Ule mlinganyo wa kukariri umejionyesha mbele ya mnazi.

Hatua ya 2: Boksi la maji

Maji ya kifuu bahari ya chungu, na kwa kazi hii boksi la sentimita 60 linatosha kuwa Bahari ya Hindi. Tia maji ya kina cha sentimita 2.5. Inua upande mmoja kidogo, ushushe taratibu, na maji yataanza kwenda na kurudi. Pima muda wa kwenda na kurudi mara 5, kisha gawanya kwa 5. Utapata kama sekunde 2.4.

Ongeza maji mpaka kina kiwe sentimita 10, mara nne ya kwanza. Pima tena. Safari hii ni kama sekunde 1.25, karibu nusu. Kina kimeongezeka mara nne, kasi imeongezeka mara mbili. Hiyo ndiyo kanuni ya wimbi lolote lililo refu mno kuliko kina cha maji: kasi ni kipeuo cha pili cha 9.8 (nguvu ya mvutano wa dunia) mara kina kwa mita. Kwa sentimita 2.5 hesabu ni kipeuo cha 0.245, ambayo ni karibu mita 0.5 kwa sekunde. Maji yanakwenda sentimita 60 na kurudi 60, jumla mita 1.2, na 1.2 gawanya kwa 0.5 ni sekunde 2.4.

Kama matokeo yako yamepotoka, kagua sakafu. Boksi likiwa limeinama, kina si kimoja.

Hatua ya 3: Kuchagua siku na mahali

Kuna Malindi mbili kwa mtu wa mawimbi. Ufuko wa ghuba, ule ulio mbele ya mji kuelekea mlango wa Mto Sabaki, uko wazi. Matope ya mto hayaipi matumbawe nafasi ya kuota, kwa hiyo hakuna mwamba wa kuyakata mawimbi na yanaingia mpaka mchangani. Silversands, kusini ya nguzo ya Vasco da Gama, ina mwamba mbele yake. Mawimbi yanamalizia hasira huko nje, na ndani maji ni ya watoto. Kwa vipimo vyetu twende ghubani, kwenye jeti.

Kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, huleta mawimbi makubwa. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari ni nyepesi na upepo unatengeneza mawimbi mafupi. Matlai, kati ya misimu hiyo miwili, ndiyo ya kujifunzia. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujashika, kwa kuwa upepo hupanda viwimbi juu ya mawimbi na hesabu inakuwa ya kubahatisha.

Halafu maji. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la kujaa na kupwa, lakini kwa Malindi njia ya haraka ni kumwendea mvuvi anayeshona nyavu. “Shikamoo mzee. Maji leo yanajaa saa ngapi?” Atakujibu bila kutazama karatasi yoyote, na pengine akuongezee: “Marahaba mwanangu. Mwezi leo una siku nane, maji mafu hayo, hayaendi popote.” Ana haki. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku moja au mbili baadaye, na hapo maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3. Katikati ya mwendo huo, nusu saa tu inatosha kubadilisha kina kwa karibu sentimita 40, na kipimo chako cha kwanza hakitafanana na cha mwisho. Kwa hiyo fika jeti mapema, na vipimo vyenyewe vifanye maji yakiwa yamejaa na kusimama.

Hatua ya 4: Kuhesabu

Chagua kitu kisichosogea: nguzo moja ya jeti. Kilele cha wimbi kikigusa nguzo, anza kipima muda na useme “sifuri”. Kinachofuata ni “moja”. Ukifika “kumi”, simamisha. Anayeanza kwa “moja” atakuwa amepima mapengo tisa akidhani ni kumi, na kosa hilo la asilimia 10 litamfuata mpaka mwisho wa daftari.

Tuseme umepata sekunde 80. Muda wa wimbi moja ni sekunde 8. Marudio ni 1 gawanya kwa 8, yaani Hertz 0.125. Rudia mara kadhaa, kwa sababu mawimbi hayaji kwa mstari kama askari. Huja kwa makundi: manne au matano makubwa, halafu bahari inapumzika, halafu tena. Hilo lina sababu. Mawimbi ya urefu tofauti kidogo yanasafiri pamoja. Vilele vinapokutana vinajumlishana, na kilele kinapokutana na bonde vinafutana. Manahodha wanaoingiza chombo penye mlango wa mwamba husubiri pumziko hilo, na wanalijua bila kuandika mlinganyo wowote.

Muda wa wimbi pia unakueleza lilikotoka. Sekunde 4 au 5 ni wimbi la upepo wa karibu, changa na lenye vurugu. Sekunde 12 na kuendelea ni wimbi lililozaliwa na dhoruba ya mbali sana. Mawimbi mafupi yamechoka njiani na yaliyobaki ni haya marefu, laini, yaliyopangika.

Hatua ya 5: Kasi na urefu, kutoka jetini

Hii ndiyo hatua tamu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji mtu wa pili. Kama kuna mlinzi, ombeni ruhusa kwanza. Pimeni mita 20 kando ya jeti kwa futi kamba. Wewe simama mwanzo, upande wa bahari kuu, mwenzako mwisho, upande wa nchi kavu. Kilele kikipita mbele yako, inua mkono na uanze kipima muda. Kikipita mbele yake, ainue wake, nawe usimamishe. Chagueni wimbi ambalo halijavunjika, na lisilopita jeti kwa mshazari mkubwa.

Mfano: sekunde 5. Mita 20 gawanya kwa 5, kasi ni mita 4 kwa sekunde. Muda wa wimbi ulikuwa sekunde 8, kwa hiyo urefu wake, kilele mpaka kilele, ni 4 mara 8: mita 32. Huhitaji kuogelea na kamba kuupima.

Sasa teremsha bildi katikati ya zile mita 20. Soma kina kilele kikipita, soma tena bonde likipita, chukua wastani. Kama kazi yako ni safi, bildi itakuambia mita 1.6 hivi. Kwa nini? Kwa sababu ya lile boksi la plastiki: 9.8 mara 1.6 ni 15.7, na kipeuo chake ni karibu 4. Mtu akikuambia fizikia ya darasani haihusiani na bahari, mshikishe bildi.

Na wimbi hilo hilo lilikuwaje huko nje, kwenye maji ya kina kirefu ambako sakafu haliisikii? Huko kanuni ni nyingine: kasi ni 1.56 mara muda wake. Kwa sekunde 8 unapata mita 12.5 kwa sekunde, kilomita 45 kwa saa, na urefu wa mita 100. Likiingia maji mafupi linabanwa: kutoka mita 100 mpaka 32, kutoka mita 12.5 kwa sekunde mpaka 4. Ila muda wake haubadiliki. Sekunde 8 huko nje, sekunde 8 hapa jetini, maana kila wimbi linaloingia lazima litoke, na hakuna wimbi linalopotelea njiani bila kuvunjika. Muda huwekwa na chanzo, kwenye maji mafupi kasi huwekwa na mahali, na urefu unajikuta umefuata.

Hatua ya 6: Kimo na nishati

Kwenye nguzo ya jeti tafuta alama mbili: pale kilele kinapofika na pale bonde linaposhuka. Kome na chaza walioganda nguzoni ni alama nzuri, chagua mmoja wa juu na mmoja wa chini kisha pima kati yao. Umbali huo ni kimo cha wimbi. Vitabu vingi vya shule hupima kutoka usawa wa maji yaliyotulia mpaka kilele, ambayo ni nusu tu ya kimo. Ukisoma swali la mtihani angalia wanataka kipi.

Nishati haiongezeki sawa na kimo, inaongezeka kwa kipeo cha pili. Wimbi la kimo cha mita 1 lina joule 1,250 hivi katika kila mita ya mraba ya uso wa bahari, kiasi cha kuinua gunia la kilo 90 mita 1.4 kutoka chini. Wimbi la mita 2 lina mara nne ya hiyo. Likija kwa kasi yetu ya mita 4 kwa sekunde, lile la mita 1 linaleta takriban kilowati 5 kwa kila mita ya ufuko, mchana na usiku, bila bili. Ndiyo maana mtu anayesema “wimbi la leo limezidi la jana kidogo tu” aulizwe kidogo kiasi gani.

Kisha linavunjika. Sehemu ya mbele ikikwama kwenye maji mafupi na ya nyuma ikiendelea kuja, maji yanarundikana, kimo kinapanda, na kilele kinaanza kulikimbia tako lake. Kwa kipimo cha haraka, wimbi huvunjika kimo chake kikifika kama asilimia 80 ya kina. Wimbi la mita 1 litavunjika penye mita 1.25 au 1.3 za maji. Kanuni hii ina faida ya kinyume pia: ukiona mstari wa povu, umeona ramani ya kina.

Na palipo na pengo katika mstari huo wa povu, pametulia kama panakukaribisha, usiogelee hapo. Mara nyingi ni mfereji ambamo maji yote yaliyosukumwa na mawimbi yanarudi baharini kwa mkondo. Mtu akishikwa na mkondo huo asipambane kurudi moja kwa moja. Aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke ndani yake, ndipo arudi.

Hatua ya 7: Kidaka

Tupa kidaka cha mnazi kutoka mwisho wa jeti, nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, asubuhi isiyo na upepo. Kikiwa kwenye kilele kinasogea kidogo kuelekea ufukoni. Kwenye bonde kinarudi nyuma. Kinachora duara, bapa kidogo kwenye maji mafupi, na kubaki karibu na pale pale, wakati mawimbi kumi yamepita chini yake. Ni kile kitambaa chekundu tena, isipokuwa maji yanazunguka badala ya kupanda na kushuka tu.

Maduara hayo hupungua kadiri unavyoshuka, na kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi ni kama hayapo. Viwimbi vya mita 10 vinavyofanya mashua iende mrama juu vimekufa kabisa mita 5 chini. Wapiga mbizi wa Hifadhi ya Bahari ya Malindi wanalijua hilo kwa matumbo yao: kichefuchefu ni cha juu, chini ni shwari.

Hatua ya 8: Kupinda

Nenda kwenye rasi penye nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498. Kaa nyuma kabisa ya ukingo, hasa wakati wa kusi. Mwamba ule unateleza na mawimbi hayana taarifa na wewe. Tazama vilele vinavyotoka kusini mashariki. Vinafika rasi, na upande mmoja wa kila kilele unagusa maji mafupi kwanza. Upande huo unapunguza mwendo, mwingine unaendelea, na kilele kizima kinapinda kuizunguka rasi. Matokeo yake nguvu ya bahari inakusanyika kwenye ncha ya nchi na kutawanyika ndani ya ghuba. Rasi zinaliwa, ghuba zinajazwa mchanga, na mashua za wavuvi zinatiwa nanga ndani ya ghuba, si nje.

Hata pasipo maji mafupi, wimbi likipita ukingo wa kitu hujitandaza nyuma yake. Mawimbi marefu hufanya hivyo vizuri kuliko mafupi. Sauti inatii sheria hiyo hiyo: unasikia adhana ukiwa nyuma ya nyumba tatu, ingawa msikiti huuoni. Sauti ya mtu akiadhini ina mawimbi ya urefu wa mita 1 hivi, yanajua kuzunguka pembe ya ukuta. Mawimbi ya mwanga ni kama sehemu 5 kati ya 10,000 za milimita, kwa hiyo kona inayakata.

Kwenye ukuta wowote wa wima unaopigwa na maji yakijaa, tazama wimbi linavyorudi na kukutana na linalokuja. Vilele vikipandana, maji yanaruka karibu mara mbili ya kimo chake. Usisimame hapo kupiga picha.

Hatua ya 9: Sauti, kwa makofi

Tafuta ukuta mkubwa usio na vizuizi mbele, wa ghala au wa uwanja, na usimame mita 85 kutoka kwake. Piga kofi moja, sikiliza mwangwi. Sasa piga makofi mfululizo ukirekebisha mwendo mpaka kila kofi liangukie juu ya mwangwi wa lile lililotangulia, usisikie mwangwi tena. Mwenzako apime muda wa makofi 20, akianza na sifuri kama tulivyokubaliana. Utapata karibu sekunde 10, nusu sekunde kila kofi. Sauti imekwenda mita 85 na kurudi 85 kwa nusu sekunde: mita 340 kwa sekunde.

Joto la Malindi huiongezea mwendo kidogo. Kasi ya sauti hewani ni 331 jumlisha 0.6 mara nyuzi za Selsiasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 30 ni 349. Majini ni karibu 1,500. Zamisha sikio mashua ya injini ikipita mbali, utaisikia kana kwamba iko juu yako.

Tofauti na kamba, hewa haitikisiki juu na chini. Inasukumwa na kuachiwa kuelekea kule kule sauti inakokwenda.

Hatua ya 10: Mawimbi usiyoweza kuyaona yote

Kujaa na kupwa ni wimbi pia, lenye muda wa saa 12 na dakika 25 na urefu wa maelfu ya kilomita. Hakuna jeti ya kulipimia, lakini daftari lako linaweza: andika saa ya maji kujaa kila siku, utaona inasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 inapimika kwa kanuni ya boksi la plastiki. Tetemeko lilipiga pwani ya Sumatra karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Kenya. Ukichukua kina cha bahari kuwa mita 4,000, 9.8 mara 4,000 ni 39,200, na kipeuo chake ni mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Kutoka kule mpaka Malindi ni kama kilomita 6,200. Gawanya, unapata karibu saa tisa za safari, yaani kufika mchana. Na ilifika mchana. Kenya ilipoteza mtu mmoja, kwa kuwa kulikuwa na muda wa kuwatoa watu ufukoni; nchi zilizo karibu na Sumatra hazikupata muda huo. Bahari ikipwa ghafla saa isiyo yake, acha vipimo na samaki waliobaki mchangani, panda juu.

Kuna mawimbi yasiyohitaji maji, kamba wala hewa. Kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, setilaiti ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei, mawimbi ambayo urefu wake ni kama upana wa atomu moja. Kasi yake ni ile ile ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na mlinganyo ni ule wa kamba: redio ya FM kwenye megahezi 100, yaani Hertz milioni 100, ina mawimbi ya mita 3.

Hesabu zikikataa

Kasi yako na bildi zisipokubaliana, kwanza uliza kama wimbi lilipita jeti kwa mshazari. Kilele cha mshazari hupita alama zako haraka kuliko linavyosafiri wimbi lenyewe, na kasi inaonekana kubwa mno. Pili, pengine ulichagua wimbi fupi. Ile kanuni ya kipeuo ni ya wimbi lenye urefu wa mara 20 ya kina au zaidi, na viwimbi vya upepo vya mita 8 havimo. Tatu, mkondo: maji yakitoka kwa kasi, yanalirudisha wimbi nyuma. Nne, huenda ulisoma bildi uzi ukiwa umelala kwa mkondo badala ya kusimama wima, na kina kikaonekana kirefu kuliko kilivyo. Ongeza uzito.

Kando ya kila kipimo andika tarehe, siku ya mwezi, saa ya maji na upepo uliokuwapo. Ukirudi jetini Julai na daftari la matlai, usilinganishe kasi penye kina kimoja, kwa sababu haitakuwa imebadilika. Linganisha muda na kimo.